Kifaa cha Kutufikisha kwa Mutisya

Jumatatu, 4 Agosti

Kikao cha ukoo kwangu, hapa Kitui. Ajenda moja tu. Jumamosi tunapeleka mbuzi watatu wa ntheo kwa Mzee Mutisya, huko ndani ya Kambu, ili Musyimi ahesabiwe mume wa Mutanu. Kwetu Ukambani bila mbuzi hao hakuna ndoa, hata pasta afungishe mara mbili. Musyimi ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye baba yake sasa. Nampenda kijana huyo kuliko ninavyoonyesha.

Safari yenyewe ni ya tatu kupangwa. Ya kwanza pikapu yangu iligoma. Ya pili nilichanganya tarehe. Mzee Mutisya ametuma neno kwamba safari hii tusipofika kabla ya saa sita mchana, anafunga geti, na Mutanu atafutiwa watu wenye saa.

Likaja swali la nani aongoze njia. Binamu yangu Mbaluka akasema, bila hata kusimama, kwamba amebeba mchanga kwa lori huko Kambu miaka mingi na kwa Mutisya anapajua. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nikaona hatari! Anayeongoza njia ndiye anayezungumza ukweni, na anayezungumza ukweni ndiye atakayekuwa msemaji wa ukoo. Kiti hicho ni changu. Nikasimama nikatangaza kwamba safari hii itaongozwa na setilaiti. Mzee mmoja akauliza kama itachukua kiti cha mbele, maana yeye ana goti bovu.

Musyimi, aliye kazini Mombasa na atakayeshukia Kambu siku hiyo, alijitolea kutuelekeza kwa simu. Nikakataa. Kijana haonyeshi wazee njia ya ukweni. Nikawaambia wote kwamba GPS ninayo tayari.

Sina.

Jumanne, 5 Agosti

Mjini kutafuta GPS. Nilidhani GPS ni GPS, kama chumvi ilivyo chumvi. Kumbe! Muuzaji alinipangia kaunta nzima. Kuna ya gari, inabandikwa kwenye kioo kwa mdomo wa mpira. Ina ramani nzuri, lakini ukiichomoa kwenye chaja ya gari inazima kabla hujafika chooni. Kuna ya mkononi, ya watu wa kupanda milima. Hiyo inakaa na betri, hata ikinyeshewa haijali, lakini haijui barabara. Inakupa mshale tu. Mshale unapita juu ya nyumba za watu. Kuna ya kuvaa kama saa. Halafu kuna moja inayofanya yote, ya gari na ya miguu. Bei yake ni ng'ombe wa maziwa.

Mimi nahitaji zote mbili. Gari mpaka lami inapoishia, kisha miguu na mbuzi. Nikamuuliza muuzaji ipo ya nusu gari nusu miguu kwa nusu bei? Akaenda kuhudumia mteja mwingine.

Mke wangu Kanini anasema simu yangu inafanya hayo yote bure, na kwamba ramani inaweza kuhifadhiwa mapema hata kusiwe na netiwaki. Sikuelewa. Nikamjibu kwamba simu kila mtu anayo. Mbaluka anayo. Ukiongoza ukoo kwa kitu ambacho kila mtu anacho, umeongoza nini?

Jumatano, 6 Agosti

Mungu si Athumani! Kwenye soko la mbuzi nimekutana na Dirie, yule mfanyabiashara wa mifugo anayetoka kaskazini na lori. Mbuzi wake ni safi, wote wana alama ya rangi ya buluu mgongoni. Nikachagua watatu, mmoja beberu mkubwa. Tukiwa tunapatana nikamlilia shida yangu ya setilaiti. Akaingiza mkono chini ya kiti cha lori akatoa kifaa cheusi, ukubwa wa Biblia ndogo. Cha gari na cha miguu! Akanipunguzia kwa sababu nimechukua mbuzi. Nikamuuliza kinatumikaje. Akasema kinajua chenyewe.

Nyumbani nimekiwasha. Kimeandika kwamba kinatafuta setilaiti. Kikatafuta. Kikatafuta. Nikakumbuka setilaiti ziko juu, nikapanda kwenye tangi la maji ili kukisogeza karibu. Mara kikazipata! Kanini akasema kingezipata hata nikiwa chini, mradi nitoke tu chini ya mabati. Wivu wa maendeleo.

Kisha kikaniuliza kwa picha: gari au mtu? Nikachagua mtu. Mimi ni mtu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempigia Mutanu simu anitumie location. Akauliza ya wapi, baba. Nilikuwa na haraka, kifaa kinakula betri. Nikamwambia ya hapo alipo, msichana wangu, ya wapi tena? Akatuma. Nambari ndefu, zina nukta na alama ya kutoa. Nimeziingiza kwa kidole kimoja, Kanini akinisomea. Kibendera chekundu kikatokea. Nilipiga makofi peke yangu.

Halafu msiba. Kifaa kinasema safari ni saa thelathini na saba! Nikahesabu vidole. Tungekuwa tumeshaondoka! Nikawapigia wazee wote wajiandae kuondoka leo leo na blanketi. Mbaluka akauliza kwa upole kama tunapitia Uganda, maana Kambu ni asubuhi moja. Wengine walikuwa wanacheka nyuma yake, niliwasikia. Nimechanganyikiwa. Nani mwongo, Mbaluka au mbingu?

Kanini alichukua kifaa, akabonyeza picha ya gari, saa zikaanguka mpaka tatu na kidogo. Nimewapigia tena wazee, nikawaambia nimepata njia ya mkato.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa kitandani, uso ukutani.

Tuliondoka alfajiri. Mimi mbele na pikapu, wazee wawili na mbuzi watatu. Kanini nilimpakia katikati yetu kwa sababu ndiye anayejua kubonyeza. Mbaluka nyuma na Probox ya akina mama. Mutomo tukapita, Ikutha tukapita, Kibwezi tukaingia barabara ya Mombasa. Kifaa kinasema kushoto, nakata kushoto. Nilijiona rubani.

Kambu, Mbaluka akaanza kunimulikia taa. Tukasimama karibu na posho mill. Akaja dirishani. "Nthiwa, kwa Mutisya tunaingilia hapa. Hapo mbele ni Mtito Andei, halafu ni ndovu." Nikatazama kifaa. Kibendera kiko mbele. Nikamwambia ujuzi wa mchanga umepitwa na wakati, anayetaka kufuata pua yake aifuate. Akasema sawa. Kanini akachukua mkoba wake, akahamia Probox bila kuaga. Wazee nao wangehama, lakini goti la yule mmoja lilikuwa limekufa ganzi.

Mtito Andei, katikati ya malori, kifaa kikasema tumefika. Hakuna boma. Petroli tu. Sikutetereka! Nikabadilisha kutoka gari kwenda mtu, nikashuka nacho mkononi, wazee wakivuta mbuzi. Mshale ukatuingiza uchochoro kati ya lodging na fundi wa magurudumu, hadi geti la nyuma la uwanja fulani. Ndani, sufuria kubwa kubwa, akina mama wamejifunga leso, viti vya plastiki, harufu ya pilau. Kama hiyo si sherehe, ni nini?

Vijana wawili wakatoka. Wakatazama mbuzi, wakacheka kwa furaha, wakachukua kamba. Basi! Hakuna wimbo, hakuna kufungiwa getini mpaka mtoe kitu. Nikawaambia wazee, hawa ndio wakwe. Mzee wa goti akaninong'oneza kwamba watu hawa hawafanani na Wakamba. Nikamwambia watu wa barabara kuu wamechanganyika.

Nikamuuliza mama mwenye boma, anaitwa Nadifa, Mutanu yuko wapi. Akasema ameenda kwao mpaka Jumatatu. Sikuelewa. Kwao si hapa? Nikakumbuka bibi harusi hufichwa. Nikamuulizia mzee. Akasema mzee yuko Garissa. Na mzee naye hufichwa? Mila za Kambu ni nzito. Hata hivyo nikasimama nikatoa hotuba yangu yote, pamoja na ile sehemu ya marehemu kaka yangu. Watu waliokuwa wakinywa chai upande wa mbele walipiga makofi. Dereva mmoja wa lori alifuta macho.

Tukangoja. Ukweni hungoji kwa hasira. Simu ya Mbaluka ikalia, sikupokea. Ikalia tena. Amepotea, nikasema, acha ajifunze. Chakula kikaja, nyama ya mbuzi laini ya kumtoa nyoka pangoni. Tulikula kwa heshima zote. Ilipolia tena nikaona nimhurumie, nikapokea mdomo umejaa. Akasema wako kwa Mzee Mutisya tangu asubuhi, saa sita imepita, na mzee anauliza mbuzi wako wapi. Nikamwambia mimi pia niko kwa Mzee Mutisya. Akaniomba nitazame vizuri nilipo.

Nikatazama. Ukutani pameandikwa bei ya chapati.

Ni hoteli! Ndiko Mutanu anakofanya kazi. Nadifa aliketi chini akicheka alipoelewa. Dirie humletea mbuzi kila Jumamosi, na alama ya Dirie ni rangi ya buluu. Vijana wake wamepokea mbuzi wa Dirie, kama kawaida. Alituletea wawili mara moja, akasema pole sana mzee wangu. Nikaulizia beberu. Akatazama sahani zetu. Mzee wa goti akaweka mfupa chini polepole.

Tumefika kwa Mutisya jua likiwa limeinama. Geti limefungwa. Nje yake amesimama Musyimi, na suti yake, peke yake. Hakunigombeza. Aliniamkia, akachukua zile kamba mbili. Niliona aibu. Niandike ukweli: nilitamani kaka yangu asiwe anatazama.

Mutanu ndiye aliyetuokoa. Alimwambia baba yake kwamba location ya kazini ameituma yeye, kwa kuwa aliambiwa hapo alipo. Mzee alifungua geti nusu. Amepokea mbuzi wawili. Beberu, nilete mimi mwenyewe kwa mkono wangu, Jumamosi ijayo kabla ya saa sita. Nisipofika, wawili hawa watarudishwa na habari imeisha. Aliyezungumza kwa niaba ya ukoo ni Mbaluka. Alizungumza vizuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani pasta amehubiri kondoo aliyepotea. Kanisa zima liligeuka kunitazama.

Nimefikiri mchana wote. Kifaa hakikukosea. Kilisema hapo alipo, na hapo alipo tulifika. Hakika hakuna aliyewahi kufika mahali kwa usahihi kama sisi. Mbona basi tumekosea? Kanini anasema wakati ujao nimwombe location ya kwao. Na aongozane nami Jumamosi? Hapana. Au Mbaluka? Afadhali nitambae.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeligundua kosa! Nimeamka nalo saa kumi. Kifaa nilikishika mimi, ilhali mimi sikupotea. Aliyepotea ni beberu. Basi kwa nini kifaa kivaliwe na asiyepotea? Nimenunua beberu mpya kwa jirani, hana rangi yoyote. Nimeshona mkanda wa shingoni kutoka mshipi wangu wa zamani. Kanini ameniuliza nashona nini. Nimemwambia ni siri ya kazi.

Jumamosi, 16 Agosti

Kambu. Mchana. Naandika nimeketi juu ya jiwe, sijui jiwe gani.

Safari hii nimefika mapema! Gari nimeliacha barabarani, nimeshuka na beberu, kifaa shingoni mwake, kimewashwa, picha ya mtu. Hakuna picha ya mbuzi. Tukaanza njia ya miguu vizuri kabisa. Kisha lori likapiga honi huko nyuma. Beberu akaruka, kamba ikanitoka mkononi, akapotea vichakani. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo! Nikaketi nimtafute kwa GPS.

Nimeketi muda. Nikampigia Kanini anisaidie kubonyeza. Akauliza nitamwona beberu wapi. Nikasema kwenye kifaa. Akauliza kifaa kiko wapi. Nikasema kwa beberu. Akakata simu, nikadhani ni netiwaki.

Nimemtafuta kwa miguu pia, ndiyo maana sasa hata gari silioni. Njia zote zinafanana. Jua likawa utosini, nikajua saa sita imefika, nikaanza kulia. Sijalia hivyo tangu mazishi ya kaka yangu. Mtoto wake mmoja, geti moja, na mimi nimelifunga kwa mikono yangu!

Ndipo Musyimi akapiga simu. Kuna makelele ya furaha nyuma yake. Mbaluka alifika asubuhi na beberu wake mwenyewe, eti ikiwa mimi nitachelewa. Mzee Mutisya amempokea, habari ya mkono wangu ameisamehe. Ntheo imekamilika. Mutanu ni mke wetu. Nilifurahi mpaka nikasimama juu ya jiwe. Kisha nikafikiri. Ikiwa nitachelewa? Mtu anatembea na mbuzi wa akiba kwa sababu hamwamini binamu yake! Ukoo huu hauna imani na teknolojia.

Musyimi akauliza baba mdogo uko wapi, watume mtu anichukue kabla nyama haijaisha. Nikamwambia sijui. Beberu ndiye anayejua, tena kwa usahihi wa hatua chache.

Na hapo kosa halisi likanifunukia, wazi kabisa. Kifaa kimoja hakiwezi kutosha watu wawili! Nimempigia Dirie papo hapo. Anacho kingine, cha gari na cha miguu. Ameuliza kama nitachukua na mbuzi, anipunguzie.

Nimemwambia watatu.