Manowari ya Mlimani

1 Agosti 1955, Jumatatu

Padre amekuja. Kasema moyo wangu umechoka, huenda nisizione mvua. Ameniagiza niandike dhambi zangu kila siku, nisije nikazisahau nitakapoungama.

Haya. Dhambi ya kwanza: hasira. Nina haki nayo! Wajerumani walileta meli zao, tukazibeba vipande vipande kichwani. Waingereza wakaleta zao, tukazibeba tena. Sisi tuna nini? Mitumbwi ya kuvulia sato! Siku tutakapojitawala, nani atalinda ziwa letu?

Ndiyo maana nimejenga manowari. Ng'ombe wangu wote wamegeuka mbao. Fundi wangu Januari, Mkerewe wa visiwani, alitaka kuijengea ufukweni. Nikakataa. Nitasimamiaje nami sitoki kitandani? Kaijengea hapa mlimani, uani kwangu, mbele ya dirisha langu. Imechongoka kotekote, mbele na nyuma, kama wanavyojenga kwao. Lazima ielee kabla sijafa. Baada ya hapo nitakufa bila kelele.

3 Agosti, Jumatano

Ignas, katekista, jirani, adui, amekuja "kunijulia hali". Kaizunguka manowari. Kasema hori zuri, ng'ombe watakunywa vizuri, ila ng'ombe wenyewe wako wapi? Kisha akauliza mtu wa Kishapu, ambako hata chura hajui kuogelea, amejifunzia wapi mambo ya meli. Nikamwambia mimi nimesoma Tabora, yeye amesoma rozari.

Alipokuwa mlangoni akauliza itafikaje ziwani. Swali la kipumbavu!

Sikuwa nimelifikiria.

4 Agosti, Alhamisi

Nimepata dawa: washirika! Hakuna taifa lililowahi kuwa na meli bila washirika.

Asubuhi nimemwita Cornel, manju wa Wagika. Nimemwahidi kuwa chama chake cha ngoma ndicho kitakachovuta mbele hadi ziwani, na meli itaitwa kwa jina lao. Akauliza kama Wagalu wanajua. Nikasema Wagalu hawajawahi kutajwa nyumbani humu.

Jioni Donatus, manju wa Wagalu, akaingia kwa mlango wa nyuma. Nimemwahidi yaleyale. Vyama hivi viwili havijakubaliana tangu enzi za babu zetu, hata juu ya rangi ya maziwa. Kwa hiyo hawataulizana. Mataifa makubwa hufanya hivyohivyo.

Binti yangu Scolastika amesikia yote. Kasema, "Baba, watu wa matanga watatafuna mbao?" Nimeiandika kama dhambi. Yake.

6 Agosti, Jumamosi

Laana! Laana!

Wamekuja wote, asubuhi moja, na ngoma zao. Nimetolewa nje na kitanda. Wagika wakafunga kamba upande mmoja, Wagalu upande wa pili. Cornel akanijia: Mwalimu Mageni, mbele ni wapi? Donatus naye: Mwalimu, waambie hawa mbele ni wapi! Nikafumba macho, nikajifanya nimezimia.

Kila upande ukaona nimewakubalia wao.

Wakavuta. Wagika wakaimba kwamba Wagalu mikono yao imezoea kupakata vitoto. Wagalu wakajibu kwamba kitu pekee Wagika walichowahi kuvuta ni tumbaku. Watu wakaja kutazama hadi kutoka Nungwe. Januari akapiga kelele waache. Nani amsikie? Vumbi, ngoma, matusi, kisha mlio kama radi.

Manowari yangu imekatika katikati!

Na hawakusimama. Kila kundi limeondoka mbio na nusu yake, likiimba kwamba limeshinda. Ignas alicheka mpaka akashikwa na watu wawili. Januari aliokota tezo yake, akaifuta kwa shati.

Nimelia. Mbele za watu. Washenzi wote!

7 Agosti, Jumapili

Padre kaja kuniungamisha. Nimemsomea dhambi za Cornel, za Donatus, za Ignas, za Wajerumani. Kasema anataka zangu. Nikakubali kwamba niliwadanganya watu, makundi mawili. Akauliza kama najuta.

Nikafikiri sana. Nikamwambia najuta kweli kweli: makundi mawili yalikuwa machache. Wawili huvutana. Angekuwapo wa tatu, wangeogopana, wakatulia.

Padre kafunga kitabu. Kasema atarudi kesho, kama nitakuwapo.

Nitakuwapo! Nina kazi. Nimemtuma Scolastika kwa nyapara wa wachimbaji wa dhahabu wa mgodi jirani, amweleze kwa siri kwamba watu wake ndio watakaovuta mbele. Amekwenda akilia. Nimemwita Januari pia, nikamwonyesha mabati ya nyumba hii: ayaezue, ayauze, apate mbao. Akauliza kama nataka ajenge ileile.

Ileile? Hapana! Mtu hujifunza kutokana na makosa.

Hii iwe na ncha tatu.