Mablanketi Ruksa!

Jumatatu, 2 Juni
Zamu za kuanika nguo juu ya paa zimebandikwa. Mimi Jumatano! Siku ambayo hata jua lina uvivu. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu na mwenyekiti wa paa, kaangukia Jumamosi. Anasema tuliokota vikaratasi vya zamu nikiwepo. Nilikuwepo, ndiyo. Nilisinzia kidogo. Hilo halimhusu mtu. Kiti chake nitakikalia!

Jumanne, 3 Juni
Nimepita mlango kwa mlango. Nikamwambia fundi bomba wa ghorofa ya chini kwamba wenye jengo hasa ni watu wa chini, wale wa ghorofa ya juu wanatuchezea. Akauliza, mbona wewe bibi unakaa ghorofa ya juu? Nikamjibu ni mwili tu. Moyo wangu uko chini.
Mshonaji kanililia. Sheria ya wifi inakataza mablanketi kwenye kamba, ati yaanikwe ukutani. La kwake upepo umeshalipeleka barabarani, na hakuna aliyewahi kumsikiliza. Hoja nimepata!

Alhamisi, 5 Juni
Uchaguzi wa mwenyekiti wa paa, uani. Wifi kaeleza nguzo, uzito, kamba. Watu miayo tu. Mimi nikapanda juu ya ndoo nikapaza sauti: kila mtu aanike siku atakayo, na mablanketi ruksa! Mikono juu. Mwenyekiti ni mimi! Karatasi ya zamu nimeichana hapo hapo. Wifi kanishika kiwiko nisianguke. Unafiki huo.

Jumamosi, 7 Juni
Jengo zima limepanda na mablanketi yake. La kwangu likatangulia, cheo si mapambo. Kamba ikakatika! Nguo zote chini, shuka za watu zikakanyagwa. Nimetangaza kuwa ni hujuma. Fundi bomba akauliza mhujumu ni nani, ikiwa blanketi lililokuwa katikati, likichuruzika maji, ni langu. Kibaraka!

Jumapili, 8 Juni
Mkutano. Nilimngoja wifi anitukane, majibu ninayo. Hakunitukana! Kamwomba mshonaji radhi kwanza, mbele ya watu. Akapendekeza mablanketi yafungiwe waya mnene, zamu zirudi, tena vikaratasi viokotwe upya kila mwezi. Kisha akasema anayepinga asikilizwe. Nikasikilizwa mpaka koo likakauka. Kura ikapigwa. Niliinua mikono miwili, wakahesabu mmoja.
Nimeng'olewa, kiti kimerudi kwa wifi. Wifi kaniletea chai. Kasema, wifi, chukua Jumamosi yangu, mimi nitaanika Jumatano.

Jumatatu, 9 Juni
Nimetafakari sana. Kosa langu ni moja: ndoo ilikuwa fupi.
Fundi bomba kaja kulalamikia siku yake. Nikamkanya: mwanangu, zamu ni zamu, heshimu utaratibu.
Halafu nimegundua jambo pale kwenye ngazi. Kuna watu wanapanda wakati wenzao wanashuka! Tangu lini? Kwa idhini ya nani? Nimemwambia wifi ajiandae, kesho naanza mlango kwa mlango. Kacheka mpaka akakaa chini. Kasema safari hii ndoo atanishikia mwenyewe.
Ananiogopa, huyo.