Malalamiko Kuhusu Chupa Mbili za Masika

Isihaka Shamsi,
Fundi cherehani,
Kibondo.

Kwa Ndugu Hilali, muuza manukato, Kasulu.

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, maana nahitaji uisome yote.

Mke wangu Mwanaheri anarudi Ijumaa kutoka Tanga, alikokuwa akimuuguza mama yake mwaka mzima. Nilikuja dukani kwako kumnunulia manukato yake, yale yenye jina la masika. Ukanitolea chupa mbili, Ua la Masika na Masika Mapya. Ukasema kiwanda kimeacha kutengeneza yote mawili, hizo ndizo za mwisho, na nichague moja kwa sababu nyingine umemwahidi Mwalimu Immakulata. Nikaomba siku tatu za kufikiri. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Uliniuliza mbele ya wateja, "Kwani mkeo hunukia vipi?" Nimeishi naye miaka kumi na tisa, Hilali, na jibu sikuwa nalo. Usiku huo sikula vizuri.

2. Ulininyunyizia shati, moja mkono wa kushoto, nyingine wa kulia, ukaniacha nirudi Kibondo hivyo. Nilipokuwa nampima Niyomwungere suruali, alinusa kushoto akasema, "Huyu ni shangazi yangu kabisa." Akanusa kulia, akasema, "Huyu anadai mchango wa harusi." Tangu hapo watu hawaji kushona, wanakuja kunusa. Nahesabu kura kwa chaki kwenye meza ya kukatia: kushoto kumi na nne, kulia kumi na nne. Mzee Nduwayezu amenusa mara tatu, anasema atarudi kesho. Shati siwezi kulifua.

3. Kiwanda kimeacha masika bila kutuuliza. Huku mvua bado zinanyesha na maharage yameota. Nani aliwaambia masika yamekwisha?

4. Kwa hiyo naomba uwaandikie waanze tena kabla ya Ijumaa. Wakishindwa, wanaotoa vyeti vya ndoa waambatanishe pamba yenye harufu ya bibi harusi, ili waume wenye vichwa kama changu tuwe na pa kurejea. Mwalimu Immakulata aombwe kutonukia chochote hadi suala hili liishe.

Nisalimie mkeo Zena na watoto, na wateja wote waliokuwapo, hata yule aliyecheka.

Ni mimi, kushoto na kulia,
Isihaka

Baada ya sahihi: Mwanaheri amewahi, ameshuka leo asubuhi kabla sijaituma barua. Nilimnyooshea mikono yote miwili achague. Akanusa, akakaa chini, akacheka mpaka akafuta machozi. Anasema hajapata kujipaka manukato maishani, yanamuumiza kichwa. Alikuwa akininyunyizia mimi kanzu kila Ijumaa, nami miaka yote nikimsifu yeye. Mwalimu achague kwanza. Itakayobaki niwekee, ni yangu.