Nepi Zinazopumua za Mwalimu Lyamba

Jumanne, 8 Oktoba 1996

Joto. Mawingu yamekuja, yametuangalia, yameondoka.

Kidonda cha Getrude kimefikia ukubwa wa kizibo cha soda. Kiko chini ya kiuno, pale anapolalia. Tangu kiharusi kimpige mwezi wa Juni, upande wake wote wa kulia hauna kazi. Ulimi, namshukuru Mungu, haukuguswa. Leo ameniambia mara nne kwamba anaiva.

Nimemweleza sababu. Nesi Upendo wa zahanati alitupa nailoni tuitandike juu ya godoro. Nailoni huzuia maji, hilo ni kweli. Lakini huzuia na mvuke. Ngozi hutoka jasho wakati wote. Mvuke ukikosa njia, ngozi hulowa, hulainika kama mkate ndani ya chai, kisha huchanika. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja hapa Mpanda. Getrude akasema kama najua yote hayo, basi nimgeuze.

Nikamgeuza. Lakini kugeuza si dawa. Ni kuhamishia tatizo upande wa pili.

Shemeji Prisila, dada yake mkubwa, amekuja na lori kutoka Litapunga. Alikiangalia kidonda, akaniangalia mimi, akakiangalia tena kidonda, kama mtu anayetafuta tofauti. Kisha akatoa hukumu. Kidonda kisipoanza kufunga ifikapo Jumapili ya tarehe 20, anamchukua mdogo wake akamuuguze mwenyewe. Nikamkumbusha kwamba mke ni wa mumewe. Akajibu, ndiyo shemeji, na makalio ni ya mwenyewe.

Miaka thelathini na minane tumelala chini ya paa moja. Siwezi kupika hata ugali. Lazima nifikiri.

Nimefikiri! Mtungi!


Jumatano, 9 Oktoba

Naandika wazo lote lisije likapotea. Mtungi wa udongo hushika maji, lakini unatoka jasho. Ndiyo maana maji yake ni baridi. Basi nepi nayo iwe hivyo. Tabaka la juu lipitishe mkojo haraka. La kati liunyonye. La chini lizuie maji lakini liachie mvuke utoke. Ikilowa, inatupwa. Ngozi inabaki kavu, inapumua. Sielewi kwa nini hakuna aliyeliwaza hili kabla yangu.

Nimemchorea Nyanzala, jirani yetu, mke wa Mabula. Hawa ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao miaka minane iliyopita. Yeye ndiye humwogesha Getrude asubuhi, na humwita mayu, yaani mama. Nilichora mishale ya bluu kwa maji na mishale myekundu kwa mvuke. Aliutazama mchoro kwa heshima. Kisha akauliza kwa nini mayu asianikwe tu, makalio wazi, asubuhi na jioni, kama wao wanavyofanya kwa ndama mwenye kidonda. Nikamjibu kwa upole kwamba mke wangu si ndama. Getrude akasema kutoka ndani kwamba ndama wana bahati.

Jaribio la kwanza. Karatasi ya mfuko wa saruji, imepakwa nta ya nyuki, imetobolewa matundu mia nne kwa sindano. Kati pamba, juu shashi. Matokeo: mkojo ulitoka kwa matundu yote mia nne, kwa nidhamu ambayo sikuwahi kuiona darasani.


Ijumaa, 11 Oktoba

Treni imeleta kifurushi! Mwanetu Fredrick, karani huko Dar es Salaam, ametutumia pakiti ya nepi za kutupa za watu wazima, kutoka ng'ambo. Ziko kumi. Getrude alifurahi mpaka machozi. Akaomba avishwe moja hapo hapo.

Nikamwambia asubiri kidogo. Mtu hatumii kitu ambacho hajakielewa. Nikapasua moja.

Maajabu! Ndani mna chembechembe nyeupe mfano wa chumvi. Nilizimwagia kikombe cha maji, zikavimba, zikawa kama uji uliolala. Nikageuza bakuli juu chini. Hakikudondoka kitu! Nikamwita Nyanzala aone. Nikamwita Ponsian, fundi seremala wa ng'ambo ya barabara. Ponsian alichelewa, ikabidi nipasue ya pili ili aone tangu mwanzo. Ya tatu nilipasua kwa ajili ya kupima. Ya nne Ponsian aliomba kuona tena.

Lakini tabaka la nje! Nailoni! Wataalamu wa ng'ambo wamekosea pale pale alipokosea Nesi Upendo. Kumvika Getrude kitu kile kungekuwa ukatili. Nikapasua zote zilizobaki, nikakusanya chembe kwenye ungo kwa ajili ya nepi yangu, ambayo itakuwa na ubora wao bila upumbavu wao.

Saa kumi ukaja upepo. Chembe zote ziliingia kwenye ndoo za maji ambazo Nyanzala alikuwa ametoka kuzichota kisimani. Ndoo mbili za uji. Nyanzala alizitazama, akanitazama, akajitwika ndoo nyingine akarudi kisimani. Wasukuma wana subira.

Getrude aliuliza zimebaki ngapi. Nikamweleza umuhimu wa utafiti. Akageuza uso ukutani. Ndicho kitu pekee anachoweza kukigeuza mwenyewe.


Jumapili, 13 Oktoba

Siku mbaya. Niieleze kwa utaratibu.

Jana nilitafuta kitu cha kunyonya badala ya chembe. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu: unga wa mbao. Ponsian alikuwa amepasua gogo bichi la mninga, na unga wake ulikuwa umejaa uani. Laini, mwepesi, unanyonya, bure kabisa. Nikaujaza nepi mbili, maganda na vyote. Leo asubuhi nikamvika Getrude moja.

Mtu yeyote wa Mpanda anajua gome la mninga hutoa utomvu mwekundu. Mimi mwenyewe nimelifundisha hilo. Lakini mtu hawezi kukumbuka kila kitu kwa wakati mmoja.

Shemeji Prisila aliingia akitoka kanisani, maana wiki hii analala kwa mwanajumuiya mwenzake hapa mjini atuchunge. Alifunua shuka. Akaona wekundu mpaka kwenye godoro. Akapiga yowe.

Yowe la Prisila linasikika mpaka stesheni. Mtaa mzima ukajua msiba umeingia. Wanaume wakaja na kuni. Wanawake wakaja na kanga viunoni, mmoja ana unga kwenye beseni. Mzee Melkior, ambaye nilifundisha naye na ambaye hajawahi kunipenda, alinipa mkono wa pole, akasema Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Nilileta ubao wangu niwaeleze waombolezaji juu ya utomvu. Hakuna aliyesikiliza. Melkior akawaambia watu waniache, ni uchungu huo.

Getrude akauliza kutoka ndani nani amekufa. Nyanzala akamwambia ni wewe, mayu. Getrude akasema basi wamletee chai kabla hawajamzika, maana mumewe hajui kuwasha jiko.

Watu walicheka, wakaondoka, wakaacha kuni. Unga walirudi nao.

Unga wa mninga unawasha. Ngozi yote ya kiunoni imevimba. Kidonda kimepita kizibo cha soda. Nesi Upendo amesafisha, na mlangoni akaniuliza kama sijawahi kutamani kufuga kuku.

Siku saba zimebaki.


Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeelewa nilipokosea. Nimeshughulika na maji mno, nimesahau hewa. Hewa haiwezi kupita kama ngozi imegusana na kitu. Lazima ngozi iinuliwe! Ni nani anayejua kuinua kitu kibichi ili hewa ipite chini yake? Wavuvi!

Lori linaondoka kesho alfajiri kwenda Ikola, ziwani, kuchukua dagaa. Getrude aliniuliza kama siwezi kubaki tu, nikakaa naye. Nikamwambia naenda kwa ajili yake. Akasema anajua, ndiyo maana anaogopa. Nimemwachia Nyanzala.


Jumatano, 16 Oktoba, Ikola

Ni kama nilivyofikiri. Dagaa wanaoanikwa mchangani huchelewa kukauka, na huoza upande wa chini. Wanaoanikwa juu ya wavu, kwenye chanja, hukauka pande zote mbili kwa siku moja. Nilikaa chini ya chanja saa mbili na daftari. Mama mmoja mwanikaji aliuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamweleza habari ya mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akanikatia kipande kikubwa cha wavu bila kutaka malipo. Alisema mama yake naye alikufa na vidonda vya kulalia. Hakuniuliza wavu ni wa nini.

Njia nzima ya kurudi nitaukumbatia.


Ijumaa, 18 Oktoba

Sikuamini macho yangu! Kidonda kimepungua. Kimekuwa kama punje ya haragwe, kimekauka pembeni, kina ngozi mpya ya rangi ya waridi.

Nilimuuliza Nyanzala siku hizi nne amefanya nini. Akasema hakuna. Ameondoa ile nailoni. Ametandika kanga kuukuu zilizofuliwa na kuanikwa juani. Hakumvika mayu kitu. Kila akimaliza kazi moja anamgeuza: akishachota maji, akishachambua mboga, akishakamua ng'ombe. Basi.

Ni wazi kwamba unga wa mninga una dawa inayochelewa kufanya kazi. Nimeandika hivyo kwenye daftari la utafiti, nikapiga mstari chini.

Getrude alikuwa na uso ambao sijauona tangu Juni. Alinishika mkono kwa ule wake mzima. Akaniomba jambo moja tu, kwamba mpaka Jumapili nisifanye kitu. Siku mbili tu, Baba Fredrick. Ukae hapo kwenye kigoda, unisomee gazeti, usifanye kitu.

Nilimwahidi kwamba sitafanya kitu chochote kipya. Wavu si kitu kipya. Umeshatumika miaka kadhaa.


Jumapili, 20 Oktoba

Wamemchukua.

Naandika pole pole. Wavu niliuchemsha mara mbili. Niliushona juu ya nepi, mafundo yaelekee juu, ili ngozi iinuke. Nilimvika jana akiwa amelala. Sikujua kwamba mtu asiyehisi upande mmoja hawezi kusema mafundo yanamchoma. Nilijua. Sikuliwaza.

Paka watatu wa mtaa walilala mlangoni kwetu mpaka asubuhi.

Prisila alifika saa nne. Nyanzala alikuwa ameshafunua shuka, amesimama mikono kiunoni. Kiuno chote cha mke wangu kimechorwa miraba. Kidonda kimefunguka upya, na pembeni yake kipo cha pili. Kwenye fundo moja alikuwemo dagaa. Prisila alimtoa kwa vidole viwili, akaniwekea kwenye kiganja. Akasema shemeji, mboga yako ya leo hiyo.

Nilianza kumweleza kuhusu chanja. Getrude akasema, Mwalimu, inatosha. Hakuwahi kuniita Mwalimu nyumbani.

Mabula alileta mkokoteni wa ng'ombe, wakautandika majani na kanga. Hata majani yale, niliona, yanapitisha hewa. Nilitembea nao mpaka barabara ya Nsimbo. Pale Getrude aliniambia nisisahau kula. Nikamwambia nitamfuata. Hakujibu. Ng'ombe walikuwa wanapanda kilima, labda hakusikia.


Alhamisi, 24 Oktoba

Nyumba ni kubwa. Nimemimina chai vikombe viwili tena leo. Nyanzala hupitisha bakuli la ugali dirishani, haingii.

Mchana nimelala kwenye godoro lake, mahali pake, juu ya ile nailoni ambayo nimeitandika tena, kwa ajili ya utafiti. Nilijilazimisha nisijitikise. Nusu saa, shati limelowa. Saa moja, mgongo unawaka kama nimelalia siafu. Nikastahimili. Nilifikiri juu ya miezi minne. Kisha nikashindwa, nikageuka ubavu. Upepo wa dirishani ukanipitia mgongoni. Raha ya ajabu! Maumivu yote yakaondoka pale pale, bila kitu chochote.

Nikakaa kitandani muda mrefu. Nilihisi kuna jambo kubwa liko karibu sana nami, ninaweza karibu kulishika.

Nimelipata. Nepi lazima iwe nene zaidi.


Jumapili, 27 Oktoba

Barua kutoka Litapunga! Mwandiko wa mtoto wa shule, maneno ya Prisila. Kidonda kikubwa kimeanza kufunga. Kidogo kimeshapona kabisa. Dawa yao: wanamfulia kanga, wanamgeuza kama muhindi kwenye makaa, wanamwacha wazi kivulini asubuhi na jioni. Amenenepa. Anauliza kama nakula.

Chini kuna sentensi moja ambayo Prisila anasema si yake, ni ya mgonjwa. Nikitaka, naruhusiwa kumfuata na kukaa naye. Kwa sharti moja. Nije mikono mitupu.

Nimeisoma mara sita. Nimelia kidogo, nakiri. Kisha nikafungua daftari la utafiti. Mninga, siku tano, nafuu. Wavu, siku saba, nafuu. Hesabu haidanganyi. Kila nepi yangu imefanya kazi, isipokuwa zote huchelewa. Masikini Prisila anadhani ni kanga.

Nepi ya nne iko tayari. Usumba wa magodoro mawili, kitambaa cha gunia, shashi. Unene wa vidole vinne. Nimetengeneza nane.

Sharti ni sharti, na mimi si mtu wa kuvunja neno. Nimezifunga mwilini kwa kamba: mbili kifuani, mbili mgongoni, nne kiunoni. Juu nimevaa koti la harusi ya Fredrick. Halifungi vifungo, lakini mikono yangu ni mitupu kabisa. Nyanzala ameniona nikitoa baiskeli. Akasema kumbe Mwalimu nawe umenenepa. Akaketi chini akicheka, kanga mdomoni.

Saa tano sasa. Njia ni ndefu na jua ni kali. Mwili wote umeshaanza kuniwasha.

Ni hili koti. Halipumui.