Dirisha Ndani ya Pango la Tisa

Ilitangazwa saa nne asubuhi, mbele ya vipaza sauti sita, kwamba kuanzia siku ile hakuna mwananchi atakayeshindwa tena na pango lolote. Mkurugenzi wa Idara ya Michezo ya Kompyuta alisoma tangazo hilo kwa sauti ya mtu aliyenyonga zimwi kwa mikono yake mwenyewe. Mchezo wenyewe hakuwahi hata kuuwasha.

Mchezo ulikuwa mali ya serikali. Mtu alipewa upanga, ngao na nchi nzima ya kuzurura atakavyo: milima, misitu, miji, na mapango kumi na mawili yenye mazimwi na hazina. Kelele zote zilitoka pango la tisa. Watu waliingia wakiwa ngazi ya nne, wakala kofi moja la zimwi, wakafa, wakaandika malalamiko. Malalamiko yalipofika elfu nne, Idara iliunda Kamati ya Kushughulikia Mapango Yaliyozidi Ugumu. Ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, na azimio lao la kwanza lilihusu viti vya kuzunguka.

Aliyeujua mchezo ule pale Idarani alikuwa mtu mmoja tu, mwanamke waliyemwita Bi Kidole. Kazi yake ilikuwa kuujaribu mchezo kutwa nzima, na kidole gumba chake kilikuwa kimeota sugu kwa kubonyeza pedi ya kuchezea. Alikuwa karibu kumaliza mwaka wa sita kazini bila kuthibitishwa. Faili lake lilikuwa juu ya meza ya Mkurugenzi, likingoja saini moja. Kanuni ilisema asiyethibitishwa mwaka wa sita ukiisha, aende zake, na zilibaki wiki tatu. Bila kuthibitishwa hakuwa na kadi ya matibabu ya kumwingiza mama yake, ambaye mtoto wa jicho alishamfikisha mahali pa kumtambua binti yake kwa mlio wa viatu.

Kila Ijumaa Bi Kidole aligonga mlango wa Mkurugenzi kuulizia saini. Kila Ijumaa alijibiwa, "Njoo kesho." Kesho ya Ijumaa ni Jumamosi, na Jumamosi ofisi hufungwa.

Kamati ilimwita atoe maoni ya kitaalamu, kwa dakika mbili.

"Waheshimiwa, pango si gumu," alisema. "Mtu kaliingia mapema mno. Tuweke kibao mlangoni kiseme hapa panataka ngazi ya ishirini. Aondoke, azunguke kwingine, apate nguvu, arudi baadaye. Pango halikimbii."

Wajumbe walitazamana. Mkurugenzi alitikisa kichwa taratibu, kama anayeonja mchuzi.

"Arudi baadaye," alisema. "Jamani, si ndiyo huduma tunayoitoa sisi miaka yote?"

Hapo wazo la kibao likafa na dirisha likazaliwa. Iliazimiwa kwamba ndani ya pango, mbele ya mlango wa hazina, lijengwe Dirisha la Huduma kwa Waliozidiwa. Mchezaji akiona maji yamezidi unga, asimamishe pambano, ajaze fomu nakala tatu, azipeleke dirishani. Afisa akiridhika, zimwi litapunguziwa nguvu.

"Na huku mtu anajaza fomu, zimwi linafanya nini?" aliuliza Bi Kidole.

"Litapewa kiti," alisema Mkurugenzi. "Zimwi nalo ni mdau."

"Na atakayeliua bila fomu?"

Wajumbe walishtuka. Mtu wa namna hiyo amevunja utaratibu, walisema, kwa hiyo naye apite dirishani akajieleze.

Afisa wa dirishani alipewa sura ya Mkurugenzi, tai yake na sauti yake. Mafundi walimwandikia sentensi kumi na tatu za kurekodi, na Bi Kidole akampelekea bosi kipaza sauti. Kumi na mbili za kwanza Mkurugenzi alizisema kwa pumzi moja bila kutazama karatasi: Mhusika hayupo. Mtandao uko chini. Hii si nakala halisi. Hili si dirisha lako. Amekwenda kunywa chai. Njoo kesho. Na nyingine za ukoo huo huo. Ya kumi na tatu ilikuwa "Ndiyo, imekubaliwa, pita." Aliivalia miwani.

"Hii inataka utulivu," alisema. "Njoo kesho."

Bi Kidole aliifuata sentensi ile mara tano. Mara ya tano alisema wazi: "Bosi, bila hii, afisa hana jibu la kumpitisha mtu."

"Mama, kwani nani atafika huko?"

Jioni ile mama yake alisikia viatu mlangoni. "Wamekusainia?"

"Kesho, mama."

"Hiyo kesho yenu naisikia tangu nilipokuwa naona."

Bi Kidole aliingia jikoni na kulia kidogo, kisha akapika.

Siku ya uzinduzi alikuja Waziri. Idara ilimtarajia akate utepe, apige picha, aondoke. Kumbe mzee alikuwa akiucheza mchezo ule na wajukuu wake kila mapumziko, na alikuwa ngazi ya ishirini na sita. Aliomba pedi, akavua koti, akaingia pango la tisa. Zimwi alilimaliza kwa dakika tatu. Ukumbi ukashangilia, naye akaenda dirishani kifua mbele.

"Mhusika hayupo," alisema afisa wa kwenye skrini.

Waziri alicheka na ukumbi ukacheka. Alibonyeza tena. "Hii si nakala halisi." Akabonyeza tena. "Amekwenda kunywa chai." Dakika ya ishirini hakuna aliyecheka. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini wahenga hawakuwahi kufika dirishani.

"Mkurugenzi," alisema Waziri, jasho likimtoka, "huyu anapigwaje?"

"Hapigwi, Mheshimiwa. Ni mtumishi wa umma."

"Sasa husema ndiyo saa ngapi?"

Mkurugenzi alitazama dari. Bi Kidole alisimama.

"Mheshimiwa, hiyo ndiyo haijarekodiwa. Nimeifuata mara tano."

"Irekodiwe sasa hivi!"

Bi Kidole alileta kipaza sauti. Chini yake aliweka faili lake, alilolipitia mezani kwa Mkurugenzi, limefunguliwa kwenye ukurasa wa saini. "Samahani, Mheshimiwa. Ili sauti itoke na uzito wake, bosi aseme huku anasaini kitu cha kweli."

"Saini, bwana, saini! Watu wanangoja!"

Mkurugenzi alishika kalamu. "Njoo..." alianza, akakohoa. "Mhus..." Waziri alimkazia macho. Hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, alisema, "Ndiyo, imekubaliwa, pita." Akasaini. Bi Kidole alihakikisha wino umekolea, akalikwapua faili, akalikumbatia. Mafundi waliipachika sauti mahali pake, mlango wa hazina ukafunguka, na Waziri akapigiwa makofi kama aliyekomboa nchi.

Ijumaa ya tatu baadaye Bi Kidole hakugonga mlango wa mtu. Alikuwa hospitali, mama yake amefunguliwa bandeji, anamtazama kuanzia nywele mpaka viatu. "Kumbe umekonda hivi, mwanangu!" alisema, na wote wawili wakalia.

Saa hiyo hiyo Mkurugenzi aliingia wizarani. Umri wake wa kustaafu ulikuwa umefika, na ombi lake la kuongezewa miaka miwili lilikuwa kwa Waziri. Mapokezi hapakuwa na mtu. Palikuwa na skrini, na ndani yake alikuwamo yeye, na tai yake.

"Nimekuja kumwona Mheshimiwa," aliiambia.

"Mhusika hayupo," alijijibu.

Alijaribu mara kumi na mbili. Mwishowe alimgeukia mlinzi wa mlangoni. "Kuna sentensi ya kumi na tatu. Niliirekodi mwenyewe!"

"Mheshimiwa aliiondoa, mzee," alisema mlinzi kwa heshima. "Alisema huyu afisa anamfaa sana, ila ile sentensi moja ingemjazia watu ofisini."

"Lakini huyu ni mimi!"

"Ndiyo maana nakushangaa," alisema mlinzi. "Si ushajiambia uje kesho?"

Mkurugenzi alitazama kalenda ukutani. Ilikuwa Ijumaa.