Taa ya Zambarau ndani ya Bomba la Hewa

Jumatatu, 3 Novemba

Mwanangu Nasiha anaota jino, kwa hiyo nyumba nzima tunaota jino. Sijalala.

Asubuhi Bimdogo, mwenye nyumba, ameshuka na leso puani. Kasema harufu ya papa wangu inapanda kwa bomba la hewa mpaka sebuleni kwake. Ijumaa baada ya alasiri wanakuja watu kumposa binti yake, Maisara. Wakinusa papa, nitafute nyumba pengine. Nikamwambia mimi napika papa Jumapili tu. Akasema basi papa huyo hajui siku.

Ubaid kashauri tuache papa. Nimemwambia mume wangu kwa upole kwamba tutaacha vyote ila papa. Na kuhama Tudor na mtoto wa jino, siwezi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemuuliza Lennox wa mlango wa pili, fundi wa mitambo ya hewa hotelini. Kwao wamefunga taa za yuvii ndani ya mabomba. Mwanga wake huivunja harufu humo humo njiani, ya jikoni isifike vyumbani. Rangi yake kama zambarau. Akaendelea: zinaumiza macho, lazima zifunikwe, na kwanza bomba likaguliwe. Nasiha alikuwa analia. Nilichoshika ni zambarau.

Jioni nimeipata, duka moja karibu na Marikiti. Muuzaji kaapa ndiyo yenyewe. Ina wavu mbele. Vizuri, imeshafunikwa.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeining'iniza bombani kwa kamba ya kuanikia nguo, mtoto mgongoni. Ikawaka. Nilijiona mhandisi mpaka adhuhuri.

Kisha ikaanza kulia ta, ta, ta. Nzi wa Tudor nzima wameitikia mwaliko, na kila anayegusa wavu anaungua. Sasa kuna harufu mbili.

Sauti ya Bimdogo ikatoka bombani, juu ya sufuria zangu.

"Mama Nasiha, leo wakaanga nini?"

"Vitunguu, mama."

"Basi kimoja kimeruka, kimeingia kwenye chai yangu."

Alhamisi, 6 Novemba

Lennox kaja kuitazama. Kacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni taa ya bucha, ya kuulia nzi, na nzi huipenda kweli kweli. Nikamwomba anifungie ile ya hotelini. Akasema hata hiyo haifanyi kitu mahali hewa haipiti, na hapa haipiti.

Akazima umeme, akaingiza mkono bombani, karibu na feni ya kuvuta hewa. Akatoa kitu cheusi, kinateleza, kimefungwa uzi mwekundu. Cha pili. Cha tatu. Kauliza ni wanyama gani hawa.

Vikuba vyangu vya Idi, vile vishada vya kubandika kifuani. Asmini na rehani, nilivitia humo mwenyewe ili bomba linukie. Vimeoza, vimeikaba feni, na lawama zote kabeba papa wa watu.

Nikasema huenda ni vya mpangaji wa zamani. Lennox akakitazama kikuba kilichokuwa kifuani kwangu. Uzi mwekundu. Akaenda kunawa mikono.

Ijumaa, 7 Novemba

Feni inazunguka. Wageni wamekuja. Nilikaa chini ya bomba kuwasikiliza, Nasiha mapajani. Mama mmoja kasifu sebule ina hewa safi. Kisha nikasikia vigelegele.

Bimdogo kashuka na sahani ya halua. Leso iko begani, si puani. Nikae, kasema, mradi bomba lile mtu asilitie kitu tena. Nikamuuliza ni nani huyo wa kutia vitu bombani. Nasiha kaiguguna halua kwa jino lake jipya.

Jumamosi, 8 Novemba

Taa ya bucha nimeihamishia chooni.

Nimelichungulia bomba. Safi, tupu, halinukii chochote, kama nyumba isiyo na mwanamke. Na mwezi ujao ni harusi ya Maisara, wageni watajaa ngazi zote.

Nimetoka kununua asmini. Safari hii nimefunga kwa uzi mweupe.