Msumari Wangu wa Inchi Tatu na Fundi Aliyeuchomoa

Kwa Mkuu,
Ofisi ya Leseni za Mafundi Umeme.

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: FUNDI WENU ALIYEIHARIBU NYUMBA YANGU KWA KUITENGENEZA

Pokea salamu zangu za dhati, pamoja na za watu wote saba wa nyumba hii, isipokuwa mke wangu, ambaye amekataa salamu zake zitumike katika barua ya namna hii.

Mimi ni karani wa masjala mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nilipokea malalamiko ya watu wengine, nikayapiga mihuri, nikayapanga kwenye majalada. Sasa zamu ni yangu, na kwa kuwa najua barua ndefu husomwa kwa kurukwa, nimeyapa malalamiko yangu namba ili ukiruka ujue umeruka wapi.

Umeme wa nyumba yangu uliwekwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Injinia. Alijifunza umeme kwa kufungua redio. Ni kweli kwamba redio ile haikufungika tena, lakini elimu haina mwisho. Tumeishi humo miaka kumi na tisa salama salimini, yaani hakuna aliyekufa, na mimi nilidhani hicho ndicho kipimo.

Chanzo cha balaa ni mjukuu wangu wa kwanza. Ana miezi kumi na moja na meno manne, na tangu aanze kutambaa hajaletwa kwangu hata siku moja. Namwona kwenye simu tu, tena mara nyingi ni sikio lake. Binti yangu, mama yake, aliniambia hivi, nanukuu: "Baba, huyu anashika kila kitu. Kwenu simleti mpaka aje fundi wa kweli." Nikamjibu kwamba yeye na ndugu zake wamekulia humu humu. Akasema, "Ndiyo baba, na kovu langu la mkononi limekulia humo humo." Suala la kovu halihusiani na malalamiko haya, na naomba usilizingatie.

Basi akatafutwa fundi, na huko kutafuta kwenyewe kulikuwa kituko. Sisi tukitaka fundi tunasimama dukani tunauliza, "Jamani, nani anamjua fundi?" na fundi ni yule atakayewahi kujibu. Binti yangu hakufanya hivyo. Alikusanya majina matatu, akataka kuona leseni za wote, akaenda hadi kwenye nyumba mbili ambamo fundi alishafanya kazi, akawauliza wenyewe kama taa zinawaka na kama alirudi alipoitwa tena. Mume wake mwenyewe hatukumchunguza hivyo.

Aliyepita mchujo ni huyu fundi wenu, mama mmoja mfupi mwenye ngazi ndefu, ambaye watoto wa mtaa sasa wanamwita Mama Testa kwa sababu ya ile bisibisi yake yenye taa ya kupimia umeme. Dhidi yake nina haya yafuatayo:

1. Alikuja siku aliyosema, saa aliyosema. Mimi nilikuwa bado nimejifunga taulo. Mtu akiahidiwa fundi saa tatu asubuhi ana haki ya kumtarajia keshokutwa jioni. Nilishaandaa maneno makali ya kumpokea nayo, yakanikwama mdomoni bila kazi. Kisha, kabla hajagusa waya hata mmoja, alikwenda moja kwa moja kuzima swichi kuu ya nyumba nzima. Injinia hajawahi kuzima umeme. Yeye huupima kwa mgongo wa kidole: akiruka anasema "upo", asiporuka anasema "umekatika". Nikamuuliza huyu mama kama anaogopa umeme. Akajibu, "Sana, mzee. Ndiyo maana nina vidole kumi." Nikavihesabu vya Injinia kimoyomoyo, nikaona tuyaache.

2. Msumari. Zamani fyuzi za nyumba hii zilikuwa zikiungua kila wiki. Injinia akaitoa fyuzi, akaweka msumari wa inchi tatu, na kwa miaka kumi na moja haukuungua hata mara moja. Nakuuliza, Mkuu, kati ya kitu kinachoungua kila wiki na kitu kisichoungua miaka kumi na moja, bora ni kipi? Fundi wenu alipofungua kisanduku akauona, alishika kichwa kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Kisha akasema kwamba kazi ya fyuzi ni kuungua yenyewe ili nyumba isiungue. Katika miaka yangu yote ya utumishi sijasikia mfanyakazi akisifiwa kwa kufia kazini kila Jumatatu. Akauchomoa, akautia mfukoni, akaondoka nao. Ule msumari ni mali yangu.

3. Friji. Friji yetu ilikuwa na tabia ya kumsalimia mtu. Ukiigusa ukiwa pekupeku, inakutekenya hadi kwenye kiwiko, na ukiwa na mkono wenye maji, inakushika kabisa. Kwa hiyo tulikuwa na kandambili za friji, jozi moja kubwa, zinakaa mlangoni mwa jiko, na kila mtu alizivaa kabla ya kufungua. Ilikuwa mila yetu. Mgeni akija tulimwonyesha choo, kisha tukamwonyesha kandambili. Mtu akisahau, nyumba nzima ilimpigia kelele: "Kandambili!" Kwa utaratibu huo nyama haikuonjwa, maziwa hayakupungua, na watoto walijifunza subira, maana jozi ni moja na wenye njaa ni wengi.

Isitoshe, mama mkwe wangu ana ganzi ya mkono wa kulia. Alikuwa akija kila Ijumaa kuishika friji kwa vidole viwili huku akihesabu hadi kumi, na alisema hakuna daktari aliyewahi kuifikia kwa tiba. Fundi wenu akapiga kelele alipoliona hilo. Akafunga kitu anachokiita waya wa ardhi, na sasa umeme wote uliokuwa ukitoroka kuja kwetu unakimbilia chini. Ijumaa iliyopita mama mkwe aliishika, akahesabu hadi mia, wapi! Amenuna. Anasema nimemfungia hospitali.

4. Lalamiko la nne nimelifuta kwa sababu mke wangu amelisoma.

5. Ukoo wa ekstensheni. Sebuleni kulikuwa na soketi moja. Kwenye soketi hiyo alikaa ekstensheni bibi, akazaa tatu, hizo tatu zikazaa nyingine, na mmoja wao aliolewa chumbani kwa wavulana kwa kupitia chini ya zulia. Zulia lilikuwa na joto zuri, na paka hakuwa akilala penginepo. Kwa kuwa pasi na birika la umeme havikuweza kukutana, niliandika ratiba kwa mkono wangu, nikaibandika ukutani. Anayetaka kupiga pasi alitangaza "Pasi!" na nyumba nzima ikaitika "Zima!" Televisheni ikazimwa, birika likachomolewa, tukakaa tukitazamana hadi shati liishe. Mkuu, wanangu niliwajua katika dakika hizo. Mmoja aliniambia kwamba anataka kuacha shule, na shati lilipoisha alikuwa ameshabadili mawazo.

Fundi wenu aliukunja ukoo mzima akautia guniani. Akaweka soketi mbili kila chumba, kila chumba na swichi yake inayojikata yenyewe hatari ikitokea. Leo kila mtu anapiga pasi anapotaka, hatangazi, haombi ruhusa. Mimi nimebaki na ratiba yangu kama karani wa ofisi iliyohama. Paka naye amehamia kwa jirani, ambaye bado ana zulia la moto. Nimemwonya jirani, lakini hilo si sehemu ya malalamiko.

6. Bafu. Maji ya bafu letu yalikuwa yakichomachoma kidogo kwa umeme hita inapowashwa. Mtu alioga dakika mbili akatoka amechangamka, na maji yalitosha wote, hadi fundi wenu alipoirekebisha hita hiyo. Sasa Injinia, niliyemwita aje akague uharibifu, aliomba kwanza aoge. Akakaa humo nusu saa akiimba. Nilipomgongea mlango akasema, "Shemeji, niache kwanza. Tangu niiweke hii hita sijawahi kuiogea." Huyu ndiye niliyemtegemea awe shahidi wangu.

7. Hili ndilo zito kuliko yote: aliwafundisha watu wangu. Aliwakusanya jikoni, akawaonyesha swichi kuu ilipo na namna ya kuizima. Akawaambia moto wa umeme haumwagiwi maji. Akawaambia waya uliochubuka haufungwi plasta ya kidonda, jambo ambalo nililichukulia kuwa limenilenga mimi. Kisha akasema kwamba harufu ya plastiki inayoungua ukutani ni dalili ya hatari, na mtu akiisikia azime umeme amwite fundi siku hiyo hiyo. Mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimewaambia kwamba ni harufu ya mvua inayokaribia. Mke wangu akanitazama. Nina miaka thelathini na minne katika ndoa, Mkuu, na nilidhani nimeshatazamwa kwa kila namna. Ile ilikuwa mpya.

Akamalizia kwa kuniambia mbele ya wote, "Mzee, humu mlikuwa mnaishi kwa dua." Nikamjibu kwamba dua si dhambi. Akasema, "Si dhambi, mzee wangu. Lakini mtoto anayetambaa bado hajajua kuomba." Mtu kushindwa hoja ndani ya nyumba yake mwenyewe ni kosa ambalo naamini lina kifungu chake katika kanuni zenu.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako tukufu:

(a) Imnyang'anye fundi huyu leseni, au walau imfundishe kuchelewa kama wenzake;

(b) Iagize friji yangu irudishiwe mtekenyo, hata kidogo, hata siku za Ijumaa tu, kwa ajili ya afya ya mama mkwe;

(c) Inirudishie msumari wangu wa inchi tatu ukiwa mzima.

Nisalimie wote hapo ofisini: walioko kaunta, dereva, mpishi wa chai, na hasa yule anayepiga mihuri, mwambie avumilie, mkono huzoea. Na mkimwona fundi mwenyewe, msalimieni pia, kwa kuwa ugomvi wetu ni wa kikazi.

Ni mimi, nikisubiri hatua kali,

Karani mstaafu, mwenye friji bubu.

(Sahihi)

Nyongeza baada ya sahihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga kwa gundi tangu Alhamisi. Leo ni Jumamosi, nimeifungua kwa mvuke wa birika, na nakiri kwamba wakati huo huo kuna mtu alikuwa anapiga pasi.

Mjukuu ameletwa leo asubuhi. Aliwekwa kwenye mkeka sebuleni, akatutazama sote kwa zamu, kisha akaondoka kwa magoti kuelekea jikoni kama mtu aliyeitwa. Njiani akapitia beseni la vyombo, akachovya mkono. Tulipomfikia alikuwa ameshajishika kwenye mlango wa friji kwa kiganja kinachotiririka maji, miguu mitupu, anajiinua kusimama.

Tulipiga kelele watu wote kwa pamoja: "Kandambili!" Hakuna aliyeweza kusogea. Binti yangu alikuwa ameukunja ule mkono wake wenye kovu kifuani. Mtoto akageuka, akatuona tulivyotoa macho, akacheka kwa meno yake yote manne, akaipiga friji makofi mawili. Friji haikumfanya kitu, Mkuu. Ilinguruma tu kwa kazi yake ya kupoza maziwa.

Nilikaa chini sakafuni pale pale nikalia, kisha nikacheka, mtoto akadhani ni mchezo akanipandia. Nilimwomba binti yangu mkono wake, nikalishika lile kovu, nikamwambia neno nililopaswa kumwambia akiwa na miaka saba, siku umeme ulipomchoma: nisamehe, mwanangu. Akasema, "Baba, inuka, umekalia maji."

Kwa hiyo malalamiko yote, la kwanza hadi la saba, likiwemo la nne, naomba yachanwe. Leseni ya fundi mwongezeeni miaka. Mama mkwe tumempeleka kwa daktari wa kweli, na Injinia anauliza masomo yenu yanaanza lini, na kama vidole tisa vinaruhusiwa.

Ombi la (c) nalo limeshatimia. Fundi ameurudisha msumari mwenyewe. Alipima kwanza ukuta wa sebule kuhakikisha hakuna waya nyuma yake, ndipo akaniruhusu niupigilie, na sasa umeshika picha ya mjukuu wangu.